Kuteka: shajara ya filamu ya wizi, Lamu

Wiki sita kabla ya kupiga picha

Filamu imepata jina leo. Tulikuwa tumekaa dakani, barazani mlangoni kwa Bi Mkubwa, ambaye ndiye anayewanyoosha waigizaji wetu Kiamu, lahaja ya Lamu, tunasoma onyesho la kumi na mbili. Wawili kati yao wametoka Malindi na mmoja Nairobi, kwa hiyo kila mstari ulikuwa na kituo. Wakisema "njia", yeye: "Ndia, mwanangu." Wakisema "moja", yeye: "Moya." Hachoki wala hapandishi sauti. Wakafika kwenye maelekezo niliyoyaandika mwenyewe, "wote wanacheka", kijana wa Malindi akauliza kama na hilo lina Kiamu chake.

"Huteka," Bi Mkubwa akasema. "Kuteka ndiko kucheka."

Nikafunga daftari. Miezi minane tumekuwa tukiiita kazi hii "ile ya posta", na kila jina nililolijaribu lilionekana la kubuniwa mezani. Nje ya Lamu kuteka ni kuvamia na kuchukua cha mtu. Hapa ni kucheka. Na sisi tuna filamu ya kuchekesha ya watu wanaoteka kasha. Jina lilikuwa midomoni mwa watu wa mji muda wote huo.

Kwa anayeanza kutufuata leo: Wajerumani walifungua posta Lamu tarehe 22 Novemba 1888, wakati ule wakiwa na himaya yao Witu, upande wa bara. Jengo lenyewe, dogo, bado lipo kwenye usita wa mui, ndiyo njia kuu ya mji, karibu na Ngome. Barua zilibandikwa stempu zile zile za Ujerumani. Wakusanyaji wa leo huzitambua kwa muhuri wa Lamu uliogongwa juu yake. Tarehe 1 Julai 1890 Wajerumani na Waingereza wakatia saini mkataba, Witu ikaangukia upande wa Waingereza, na tarehe 31 Machi 1891 posta ikafungwa. Historia haina wizi katika posta hiyo. Wizi tumeubuni sisi: watu wanne wanaamua kuchukua kasha la fedha la tajiri mmoja, lililowekwa pale kungoja meli, hatua chache tu kutoka Ngomeni walikolala askari Mabulushi wa Sultani.

Wiki tano kabla

Mswada ulisema Agosti 1890. Niliichagua Agosti kwa sababu mkataba ulikuwa bado wa moto na nilitaka mji wenye minong'ono. Leo nimekwenda Matondoni kwa nahodha atakayetuendeshea dau. Nikamsomea mwisho wa filamu: wezi wanatweka tanga, wanapita Mkanda kwenda Pate, upepo mgongoni, askari wanabaki nyuma wakipiga kelele. Akanisikiliza hadi mwisho huku akisokota kamba.

"Mwapiga mwezi gani?"

Nikamwambia Februari.

"Februari ni kaskazi, mwanangu. Upepo watoka huko huko muendako. Hilo tanga mutalijaza na nini?"

Alikuwa na haki, na ingekuwa aibu kubwa. Mtu wa Nairobi asingegundua, lakini hakuna mtoto wa visiwa hivi ambaye asingeona dau linakwenda juu kwa upepo usiokuwepo. Filamu hii tunawafanyia wao kwanza. Kungoja kusi hatuwezi, bahari inachafuka na vibali vyetu ni vya Februari. Nikamuuliza yeye angefanyaje. Akasema kwa kaskazi angeshusha tanga, angeshika pondo, mti mrefu wa kusukumia chombo.

Kwa asiyepajua, Mkanda ni njia nyembamba ya maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku, na maji yakipwa vyombo hukaa. Nikiwa pale pale nikaona picha yote: wezi wana pondo, na wanaowafukuza nao wana pondo. Madau mawili yanakwenda mwendo wa mzee anayerudi sokoni. Wanasikiana wakihema. Wanaweza hata kutukanana kwa sauti ya chini. Hakuna anayeweza kuongeza kasi. Nimeandika kurasa sita usiku huu bila kusimama.

Hadithi nimeihamishia Februari 1891. Sasa posta inakaribia kufungwa, kasha litaondoka na meli ya kwanza, na wezi wana sababu ya haraka ambayo mswada wa Agosti haukuwa nayo. Nahodha nimemwandika kwenye orodha ya majina kama mshauri wa hadithi. Alitaka aandikwe nahodha tu, basi nimeandika yote mawili.

Wiki nne kabla

Leo fundi seremala ameleta kasha. Mninga, pembe za shaba, kufuli ya kizamani tuliyoipata Langoni. Zuri kweli. Tatizo ni kilichoandikwa kwenye mswada kuwa kimo ndani: rupia 20,000.

Mpiga picha wetu ndiye aliyeuliza kasha likiwa limejaa lina uzito gani. Rupia ya India, ile iliyokuwa ikitumika pwani yetu wakati ule, ilikuwa na uzito wa gramu 11.66. Mara elfu ishirini ni kilo 233, bila mbao. Watu wawili hawabebi kilo 233 mtaani usiku wakajifanya hawana kitu. Tukashuka hadi rupia 4,000, ambazo ni kilo 46 na ushei. Pamoja na kasha tunakaribia 60. Hizo watu wawili wenye nguvu wanazibeba, lakini mwendo wao unaonekana, na ndicho tunachokitaka.

Baadaye tukafanya majaribio uani na kasha tupu. Vijana wakaigiza uzito: wakakunja uso, wakaguna, wakayumba. Mzee wa jirani aliyekuwa akitazama kutoka msanani akasema, "Hilo tupu." Tukamuuliza amejuaje. Akatuonyesha vidole vya miguu. Mtu aliyebeba mzigo wa kweli, alisema, vidole vyake hushika ardhi kama vya ndege. Tukajaza mifuko ya mchanga kilo 46, tukapima kwa mizani ya duka la nafaka, tukarudia. Sura zao zikatulia kabisa. Hakuna aliyeguna, maana pumzi ya kuguna haikuwepo. Walipolitua, mmoja akabaki amekunja vidole vya mkono, hawezi kuvikunjua.

Kuanzia leo kasha halibebwi tupu mbele ya kamera. Nimeongeza siku mbili za mapumziko ya wabebaji kwenye ratiba na nimezipunguza kwangu.

Wiki tatu kabla

Hapa ndipo penye moyo wa filamu, na ndipo nilipokuwa nimepakosea zaidi.

Kasha linapitishwa mjini ndani ya shiraa. Wasomaji wa Lamu wanaijua kwa kusimuliwa na mabibi zao: kitambaa kilichotandazwa juu ya miti, mwanamke wa daraja anatembea ndani yake asionekane. Jina lenyewe kwa Kiarabu ni tanga la chombo. Mwanamume akikutana nayo kichochoroni alijitenga, akageuza uso. Ukitaka kupitisha kitu kilichoibwa katikati ya mji wa watu wanaojuana wote, hakuna maficho kama hayo. Adabu ya mji mzima inakulinda.

Lakini miti ile ilibebwa na nani? Na watumwa. Katika mswada wangu wa kwanza wabebaji wawili walikuwa wa kuangusha vitu na kugongana. Jana kijana anayeigiza mmoja wao alinifuata baada ya mazoezi akaniuliza kwa upole, "Dada, hawa wanaiba ili wapate nini?" Nikamjibu kuwa wapate utajiri, kama wezi wote. Akasema, "Mtumwa akipata rupia elfu moja, si ni za bwana wake?"

Sikulala. Tarehe 1 Agosti 1890 Sultani Ali bin Said alitoa amri iliyopiga marufuku kuuza na kununua watumwa, ikataja pia mtumwa kujikomboa kwa kulipa. Utumwa wenyewe haikuuondoa. Kwenye pwani yetu sheria ya kuuondoa ilikuja 1907. Kwa hiyo watu wangu wanaishi katika miezi ambayo neno la kujikomboa limeshapita mdomoni mwa Sultani na linazunguka mitaani, na hakuna anayejua litasimama au litaanguka. Hao hawaibi kwa ajili ya utajiri.

Nimeipindua filamu. Wabebaji wawili ndio waliopanga wizi, kwa sababu miaka yote wametembea mji huu wakiwa wamebeba miti na hakuna aliyewatazama usoni. Wanajua kila daka, kila wikio (chumba kinachopita juu ya njia), saa anayotoka kila mtu. Anayetembea ndani ya shiraa ni mwimbaji wa vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, naye anataka kumkomboa dada yake. Wa nne ni baharia. Vichekesho vimebaki, hata vimeongezeka, lakini vimehamia kwa wengine: kwa askari anayegeuza uso ukutani kwa heshima huku kasha analolitafuta linampita mgongoni, na kwa mabibi wanaosimamisha shiraa kusalimia, wakisubiri jibu kutoka ndani, nao ndani yumo mtu anayewajua wote na siri zao kwa sababu ameimba kwenye harusi zao.

Nilimsomea kijana kurasa mpya asubuhi. Alizisoma mara mbili, akaomba aende nazo nyumbani.

Shiraa yetu tumeshona kwa marekani tuliyoichovya rangi. Upepo ukipita chini inajaa kweli kama tanga.

Wiki tatu kabla, siku mbili baadaye

Nahodha amekuja mwenyewe mjini, ana swali. Wezi wanaiba usiku wa giza? Ndiyo, usiku usio na mwezi. Na wanaondoka saa ngapi? Saa sita usiku.

"Usiku wa giza ni bamvua. Saa sita hizo maji yako mbali. Dau litakuwa limelala juu ya tope."

Kwetu hapa, bamvua, yaani siku za maji makubwa, ikiingia maji hujaa kiasi cha saa kumi hadi kumi na moja, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu na saa nne na saa tano. Mwizi akitaka giza apate na maji, itabidi angoje hadi karibu na alfajiri. Akitaka maji yajae mapema usiku, atapata maji mafu, yasiyojaa sana, na nusu ya mwezi angani. Bahari haimpi vyote.

Sijui kwa nini sikuliona, nimezaliwa hapa. Sasa wezi wanamaliza kazi saa tano, wamefanikiwa, hakuna aliyewaona, na wana saa tano za kukaa na kilo 60 za kasha chini ya shiraa katika mji ambao mwanamke wa heshima hana sababu ya kuwa nje saa nane za usiku. Wanalazimika kuitembeza. Kila wakisimama mtu anakaribisha. Na kadiri maji yanavyopanda ndivyo inavyokaribia adhana, watu waamke, milango ifunguliwe. Nimeufuta ukurasa wote wa kufukuzana kwenye mapaa. Hauhitajiki tena.

Wiki mbili kabla

Taa zimefika, si tulizolipia. Mkodishaji anasema ndizo zilizobaki. Tumekwisha kulipa usafiri hadi Mokowe na boti ya kuvusha. Tutazitumia mbili, na kwa maonyesho ya karibu tutamulika kwa kandili za kweli. Mpiga picha amejaribu jana usiku chumbani: kandili moja, ukuta wa chokaa, zidaka (vishubaka vya ukutani) nyuma. Chokaa inarudisha mwanga kwa upole usoni. Tumeridhika.

Siku ya 1

Usita wa mui, kuanzia saa kumi na moja asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa. Tumefunika mita za stima kwa mikeka na kuzuia nyaya zisionekane kwa kushusha kamera. Vibao vya simu vimeshushwa na wenye maduka wenyewe, na mmoja amelifagia eneo lake lote bila kuombwa. Maonyesho matatu. Nimechoka, namshukuru Mungu.

Siku ya 4

Leo tumepiga punda na shiraa.

Kichochoro cha Mkomani, upana wa mtu mmoja na nusu. Shiraa inatoka juu, punda amebeba makanda ya mchanga anatoka chini, wanakutana chini ya wikio. Kwa adabu kila kitu kinapisha shiraa. Punda hajui adabu. Mwenye punda amegeuza uso ukutani kama inavyopasa, kwa hiyo hamwoni punda wake anafanya nini. Wabebaji hawawezi kurudi nyuma kwa sababu kasha likishatikiswa fedha zinalia. Aliye ndani hawezi kumfukuza kwa sauti, maana bibi wa daraja hapigi kelele njiani.

Tulipiga mara kumi na moja. Mara sita punda alipita vizuri mno, akajibana ukutani kwa heshima kuliko watu. Mara ya saba akasimama. Akanusa kitambaa. Akaingiza kichwa ndani ya shiraa.

Hilo halikuandikwa. Mwimbaji wetu aliye ndani, bila kutoka kwenye nafsi ya yule bibi, akasema kwa sauti nyembamba yenye heshima zote, "Karibu." Mwenye punda, uso ukutani, akaitika, "Starehe, bibi." Kamera ilikuwa inazunguka. Nilijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio ili sauti yangu isiingie, na nikamwona mpokea sauti ameketi chini, ameshika maikrofoni juu kwa mkono mmoja na macho yake kwa mkono mwingine. Mara nne zilizofuata tulipiga kwa ajili ya usalama, lakini hiyo ya saba ndiyo.

Punda tulimpa maji na mapumziko, na makanda yake tulikuwa tumeyajaza nusu tu tangu mwanzo. Hilo nililiweka sharti na ninaliandika ili anayetufuata naye aliweke. Mji huu unategemea mabega yao.

Siku ya 7

Mapumziko ya wabebaji. Mmoja ana maumivu ya bega, mama yake amemkanda kwa mafuta ya nazi na ametuambia kuwa kesho habebi. Tumemwitikia. Kesho tutapiga maonyesho ya ndani ya posta, yeye atapumzika.

Siku ya 9, bamvua

Mwezi umeandama juzi. Tulikusanyika saa nane usiku. Maji yalikuwa yanarudi, unayasikia kabla ya kuyaona, yanapenya chini ya mikoko kwa sauti kama ya mtu anayekunja karatasi. Madau mawili, watu wanane, kamera moja kwenye mashua ya tatu iliyofungwa kwa nanga mbili.

Kabla ya alfajiri tulipiga kasha likipakiwa. Kandili moja tu. Wabebaji waliingia majini hadi magotini, na bega la kijana lilistahimili. Mama yake alikuwepo, ameketi kwenye dau letu, hakusema kitu. Ilipoadhiniwa, tulizima kila kitu, waliotaka kusali wakasali pale pale mchangani. Adhana ya filamu tutairekodi siku nyingine kwa muadhini asiyetumia kipaza sauti, amekubali.

Halafu anga ikaanza kugeuka, na tukawa na kama saa moja ya mwanga wa samawati kabla jua halijatoka. Mbio za pondo. Nahodha akaniambia nisiwaambie waigizaji waende taratibu. "Waambie waende mbio. Mkanda utawapunguza wenyewe." Basi nikapiga kelele waende mbio kwa nguvu zao zote. Pondo zilizama topeni, wakazing'oa, dau likasogea hatua tatu, wakazama tena. Nyuma yao askari wetu watatu, kanzu zimefungwa kiunoni, hivyo hivyo. Urefu kati ya dau na dau haukubadilika hata kidogo kwa dakika tisa. Mwimbaji wa vugo alikuwa ameketi juu ya kasha, shiraa imemwangukia mabegani, uso wake uko wazi kwa mara ya kwanza katika filamu yote, na hakuwatazama wanaomfukuza. Alikuwa anatazama mbele. Hilo sikumwelekeza.

Tulipata mara mbili kamili. Ya tatu jua lilikuwa limeshachomoza.

Wakati wa kupakua, kasha liliteleza na kuingia majini. Tumelitoa, lakini mchanga umelowa, uzito umepanda, na ubao wa chini umeachia kwenye kiungo cha kushoto. Fundi amelichukua kwa rukwama hadi karakana. Anasema likaushwe kivulini siku mbili, akiliweka juani litapasuka. Onyesho la kulifungua liko Alhamisi, na mwigizaji wa Nairobi ana boti ya Ijumaa asubuhi.

Nimemwomba fundi anipigie simu kesho jioni, baada ya magharibi.